Mahali pa Kukata: Ufundi wa Kugawa Kazi kwa Seva

Kurasa nyingi za tovuti za kisasa hazipo mpaka ziombwe mara ya kwanza. Msomaji wa Tanga anagusa kiungo kwenye simu yake, na mara makala ya Wikipedia inatokea: kichwa, picha, jedwali la pembeni, tanbihi, orodha ya lugha nyingine. Ni rahisi kudhani kwamba makala hiyo ilikuwa imekaa mahali fulani, imekamilika, ikimngoja. Kilichokuwapo kwenye hifadhidata ni maandishi ghafi yaliyojaa mabano na majina ya vigezo, yaani vipande vinavyoandikwa mara moja na kutumika katika kurasa nyingi. Ili yawe ukurasa, programu ya MediaWiki lazima iyasome, ifuate kila kigezo hadi mwisho wake, iulize ni viungo gani vina makala na vipi bado ni vyekundu, ipange tanbihi, itafute vipimo vya picha, kisha iviunge vyote kuwa HTML. Makala ndefu yenye tanbihi mamia inaweza kuishughulisha prosesa kwa sekunde kadhaa.

Mifumo mingi ya kusimamia maudhui, iwe WordPress, Drupal au MediaWiki, inaishi kwa mapatano hayo ya kujenga ukurasa unapoombwa. Mhariri anabadilisha jina la waziri mahali pamoja, na kila ukurasa unaolichota jina hilo kutoka hapo unabadilika. Raha hiyo ya mhariri inalipiwa na mashine, tena, pasipo ujanja wa kuikwepa kazi hiyo, inalipiwa upya kila msomaji anapobisha hodi. Msomaji mmoja si mzigo. Elfu kumi kwa dakika moja ni habari nyingine. Kwa muda mrefu nimesoma jinsi mafundi wa Wikipedia walivyoubeba mzigo huo, na kadiri ninavyosoma ndivyo heshima yangu kwao inavyozidi. Kuongeza seva ni suala la fedha. Kujua kazi ikatwe wapi, na vipande vilivyotenganishwa viendelee vipi kusema ukweli mmoja, huo ndio ufundi.

Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001 kwenye seva ya kampuni ya Bomis, ikiendeshwa na UseModWiki, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Perl na iliyohifadhi kurasa kwenye mafaili ya kawaida. Hakukuwa na hifadhidata. Mapema mwaka 2002 ilihamia kwenye programu mpya ya Magnus Manske, Mjerumani aliyeiandika kwa PHP na kuziweka makala kwenye MySQL. Miezi michache baadaye, wasomaji walipoongezeka na kurasa zikawa zinachelewa, Lee Daniel Crocker akaiandika upya, na kazi yake ndiyo iliyokuja kuwa MediaWiki. Katika hatua hizo za mwanzo, seva ya wavuti ya Apache, PHP na MySQL viliishi ndani ya sanduku moja.

Inafaa kutazama kwa makini kinachotokea ndani ya sanduku hilo linapoelemewa, kwa sababu hapo ndipo fundi anapoona pa kupitisha msumeno. MySQL hupenda memori. Ikipata memori ya kutosha huweka humo faharasa zake na data inayoulizwa mara kwa mara, na majibu hutoka bila kugusa diski. Apache nayo, kwa mtindo wa enzi hizo, hufungua mchakato kwa kila msomaji, na kila mchakato unaobeba PHP hula megabaiti zake. Wasomaji wakiongezeka, Apache hunyakua memori ambayo MySQL iliitegemea. MySQL hulazimika kwenda kwenye diski, na diski za wakati ule, zenye sahani zinazozunguka, ziliweza kutafuta mahali papya mara mia moja hivi kwa sekunde. Majibu yakichelewa, michakato ya Apache hukaa muda mrefu zaidi ikingoja, mingine hufunguliwa juu yake, na memori huzidi kuliwa. Mashine iliyokuwa inapumua vizuri saa nne asubuhi huanguka saa nne na robo, ingawa idadi ya wasomaji imepanda kidogo tu. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa hata lile lililobaki mkononi huponyoka.

Kata ya kwanza, basi, hupita kati ya programu na hifadhidata. Wikipedia iliifanya mwaka 2003 ilipopata mashine ya pili, na baada ya michango ya umma ikaendelea kuongeza nyingine mwaka 2004 huko Tampa, Florida. Seva za awali zilipewa majina ya watu wa ensaiklopidia na elimu: Pliny, Larousse, Khaldun. Ninaipenda adabu hiyo ya kumtaja mzee wa kazi kabla ya kuianza.

Uzuri wa kata hii upo katika tofauti ya tabia za pande mbili. Hifadhidata ina kumbukumbu. Ikipotea, kitu cha kweli kimepotea. Seva ya PHP haina chake. Inapokea ombi, inauliza, inajenga ukurasa, inautoa, inasahau. Ukiizima katikati ya mchana, nyingine inachukua nafasi yake na msomaji hajui lolote. Kwa hiyo upande mmoja unaweza kuzidishwa bila woga, mashine mbili, ishirini, mia mbili, mradi pawepo mbele yake kigawa mzigo kinachoelekeza kila ombi kwa mashine yenye nafasi. Upande wa pili unahitaji mashine chache, kubwa, zenye memori nyingi na diski za kutegemewa. Ni kama jiko la shughuli ya harusi: wa kupakua sahani unaweza kuwaongeza hata dakika ya mwisho, lakini mpishi wa pilau anachaguliwa mapema na anaachiwa sufuria yake.

Kata hiyo ina bei yake, na fundi mzuri huijua kabla ya kukata. Programu na hifadhidata zikiwa mashine moja, swali na jibu hupita ndani ya memori. Zikiwa mashine mbili, kila swali husafiri kwenye waya. Tuseme safari ya kwenda na kurudi ndani ya chumba kimoja ni nusu ya milisekunde. Ukurasa unaouliza maswali 10 hautahisi kitu. Ukurasa unaouliza maswali 200, moja baada ya jingine, umeongezewa sehemu ya kumi ya sekunde kwa safari tu, kabla hifadhidata haijafanya kazi yoyote. Ndiyo maana wapo waliotenganisha seva zao na tovuti ikawa nzito kuliko awali. Fundi anayejua kazi huanza kwa kupunguza maswali. Viungo 80 vya ukurasa mmoja havihitaji maswali 80. MediaWiki huvikusanya kwa mafungu na kuuliza kwa pamoja ni vipi kati yake vina makala. Kutenganisha seva humlazimisha mwandishi wa programu kuuliza kwa busara, na hiyo peke yake ni faida.

Mara seva za PHP zinapokuwa nyingi, linakuja tatizo jipya. Msomaji ameingia kwa jina lake kupitia seva ya tatu. Ombi lake linalofuata linafika seva ya kumi na moja, isiyomjua. Pia ukurasa uliokwisha jengwa na seva ya tatu unajengwa upya na kila nyingine. Dawa ilitoka kwa Brad Fitzpatrick, aliyeiandikia tovuti yake ya LiveJournal programu ya Memcached mwaka 2003. Wazo lake ni dogo na ninaliona kuwa kubwa sana: chukua memori iliyolala bila kazi kwenye mashine nyingi, iunganishe kupitia mtandao, iwe akiba moja inayotumiwa na wote. Kila kitu hupewa ufunguo, na kutokana na ufunguo huo kila seva hukokotoa yenyewe ni mashine ipi ya kuuliza. Hakuna msimamizi wa katikati, wala mashine za akiba hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe. Ikifa moja, kinachopotea ni vitu vinavyoweza kutengenezwa tena. Wikipedia iliikumbatia mapema.

Kata ya pili hupita ndani ya hifadhidata yenyewe, kati ya kuandika na kusoma. Ensaiklopidia husomwa mara nyingi mno kuliko inavyohaririwa. Kwa hiyo seva moja kuu hupokea maandiko yote, na seva kadhaa za nakala humfuata mkuu huyo hatua kwa hatua, zikirudia kila badiliko kwa mpangilio uleule. Maswali ya kusoma hugawiwa nakala. Kwa kuchora ni mishale michache tu. Kwa kutenda, hapa ndipo ufundi unapopimwa, kwa sababu nakala hubaki nyuma. Wakati mwingine ni sehemu ndogo ya sekunde; badiliko likiwa zito, ni sekunde nzima au zaidi. Katika pengo hilo dogo ukweli umegawanyika.

Mfikirie mwalimu wa Kisumu aliyerekebisha tarehe katika makala na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Badiliko limeandikwa kwenye seva kuu. Kivinjari kinaomba ukurasa mpya, swali linaangukia nakala ambayo bado haijapata habari, na mwalimu anaiona tarehe ya zamani. Atadhani kazi yake imepotea, ataandika tena, na huenda akakata tamaa na asirudi. MediaWiki ina kifaa kidogo cha kuzuia jambo hilo. Mtu anapoandika, mfumo hukumbuka ni hatua gani seva kuu ilikuwa imefika. Anaporudi kusoma, nakala itakayomhudumia lazima kwanza iwe imefika hatua hiyo. Kama bado, inangojwa kidogo. Wasomaji wengine wanaendelea kupewa nakala yoyote, kwa sababu kwao kuchelewa kwa nusu sekunde hakuna madhara. Nakala iliyobaki nyuma kupita kiasi huachwa kwanza ipumue, na zote zikichelewa, tovuti husimamisha uhariri kwa muda ili zifikie. Aliyeliwaza hili alijiuliza nani anahitaji ukweli upi, na kwa haraka gani. Alimlinda mwenye haki ya kuona kazi yake bila kumtoza kila mtu gharama hiyo.

Kata ya tatu ndiyo iliyoleta nafuu kubwa kuliko zote, nayo hupita kati ya wasomaji wenyewe. Mtu aliyeingia kwa jina lake huona ukurasa wake: orodha yake ya ufuatiliaji, ujumbe wake, mapendeleo yake. Asiyeingia huona ukurasa uleule unaoonwa na wote wasioingia. Hawa wa pili ndio umati. Kwa nini basi ukurasa wao ujengwe zaidi ya mara moja? Mwaka 2004 Wikipedia iliweka mbele ya seva za PHP mashine zinazoendesha Squid, ambazo kazi yake ni kushika nakala za kurasa zilizokamilika na kuzitoa zilivyo. Ombi likija bila kidakuzi cha mtu aliyeingia, na ukurasa upo kwenye akiba, seva za PHP hazisikii hata hodi, wala hifadhidata haiguswi. Mashine ya kawaida isiyoweza kujenga kurasa nyingi kwa sekunde huweza kutoa maelfu ya kurasa zilizokwisha jengwa.

Ugumu wa akiba ni kujua lini imechakaa. Njia nyepesi ni kuipa umri: shika ukurasa huu dakika tano, kisha uutupe. Kwa tovuti nyingi inatosha. Wikipedia ilichagua njia ngumu zaidi. Akiba inaruhusiwa kukaa muda mrefu, lakini makala inapohaririwa, MediaWiki hutuma tangazo kwa seva zote za akiba kwamba anwani hii ifutwe. Msomaji anayefuata atajengewa ukurasa mpya, na wanaokuja baada yake watapata nakala yake. Ili hilo lifanye kazi, programu lazima ijue kila anwani inayoguswa na badiliko: makala yenyewe, historia yake, na nyinginezo. Ukisahau moja, kuna mahali mtu atasoma uongo. Tovuti yenye mamilioni ya kurasa na wahariri wasiolala imeweza kuishi hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na hilo linaonyesha subira isiyo ya kawaida katika hesabu.

Kazi hiyo ya kutoa nakala ilipata fundi wake mwingine huko Norway. Gazeti la Verdens Gang lilimwendea Poul-Henning Kamp, Mdenmaki aliyebobea katika kiini cha mfumo wa FreeBSD, naye akaandika Varnish, iliyotoka mwaka 2006. Kamp aliona kwamba Squid ilikuwa ikihangaika kuamua kipi kikae kwenye memori na kipi kiende diski, wakati mfumo wa uendeshaji chini yake ulikuwa unafanya uamuzi huohuo, na wawili hao wakawa wanavurugiana kazi. Yeye aliuachia mfumo wa uendeshaji jukumu lake. Gazeti liliweza kuondoa mashine 12 za Squid na kuweka 3 za Varnish. Wikipedia nayo baadaye ilihamia Varnish. Mashine 9 zilizookolewa hazikutokana na kukaza mwendo. Zilitokana na mtu aliyejua vizuri kile kilichokuwa tayari kinafanywa na mwingine.

Baada ya kata tatu hizo kubwa, nyingine zilifuata kila kazi ilipoonyesha tabia yake. Picha zilipewa anwani yao, upload.wikimedia.org, na seva zao, kwa kuwa faili la picha ni kubwa, halibadiliki mara kwa mara, wala halihitaji kujua msomaji ni nani. Kupunguza picha kuwa saizi ndogo kulitengwa, maana picha moja kubwa iliyopakiwa ingeweza kula memori ya seva inayohudumia wasomaji. Utafutaji ulipewa mashine zake zenye faharasa zake. Kazi zinazoweza kungoja zikawekwa kwenye foleni. Kuna vigezo vinavyotumika katika kurasa laki kadhaa. Anayerekebisha nukta moja ndani yake hawezi kukalishwa mpaka zote zijengwe upya. Anajibiwa papo hapo, na foleni huendelea kuzipitia kurasa hizo nyuma ya pazia kwa mwendo unaovumilika.

Hata mfumo uliokatwa vizuri hupimwa na siku ambayo haikutarajiwa. Tarehe 25 Juni 2009 Michael Jackson alifariki, na ulimwengu ukakimbilia makala moja. Kwa akili ya kawaida, akiba ingetosha: watu milioni wakisoma ukurasa mmoja ni kazi nyepesi kuliko yote. Lakini makala ilikuwa ikihaririwa mfululizo. Kila badiliko lilifuta nakala iliyopo, na katika sekunde ambazo ukurasa mpya ulikuwa unajengwa, maombi mengi yalikuta akiba tupu na yote yakapita hadi seva za PHP. Kila seva ikaanza kujenga ukurasa uleule, mrefu, wenye tanbihi nyingi. Kabla hazijamaliza, makala ilikuwa imehaririwa tena. Prosesa za seva zilijaa kazi moja iliyorudiwa mara nyingi, na makala nyingine zote zikakosa wa kuzihudumia.

Jibu la mafundi lilikuwa PoolCounter, na kwangu ni miongoni mwa vitu vizuri zaidi katika historia hii yote. Ni huduma ndogo inayohesabu. Seva inayotaka kujenga ukurasa huomba ruhusa kwanza. Kama tayari kuna nyingine inaujenga, mwombaji huambiwa asubiri, na kazi ikiisha wote hutumia tunda lake. Wanaosubiri wakizidi, hupewa toleo la zamani lililopo, ambalo limechelewa kidogo lakini linasomeka. Wangeweza kununua seva zaidi baada ya siku ile. Seva hizo zingejaa kazi ileile. Waliona kwamba mgawanyo wa mashine ulikuwa haujakamilika bila makubaliano kati yake ya nani afanye na nani angoje, wakayaandika makubaliano hayo.

Kata nyingine haimo ndani ya chumba; inapita juu ya bahari, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tumo moja kwa moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Ashburn, Virginia, kulikohamia kituo kikuu cha data cha Wikimedia mwaka 2013, ni zaidi ya kilomita 12,000 kwa mstari wa moja kwa moja. Mwanga ndani ya mkongo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua sehemu ya nane ya sekunde hata mitambo yote ikiwa kamili. Muunganisho wa siri unahitaji safari kadhaa kabla herufi ya kwanza haijafika. Kabla ya mikongo ya SEACOM na TEAMS kufika pwani yetu mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya kimataifa ilipanda hadi setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu, na kila swali na jibu lake vilichukua karibu nusu sekunde angani tu.

Hakuna programu inayoweza kubembeleza umbali. Kinachowezekana ni kusogeza nakala. Kufikia mwaka 2005 Wikipedia ilikuwa na seva za akiba Paris, Amsterdam na Seoul, na leo ina vituo vya aina hiyo Amsterdam, Marseille, San Francisco, Singapore na São Paulo, pamoja na vituo kamili viwili vya Virginia na Texas. Akiba iliyopo Marseille iko kilomita 6,500 hivi kutoka Dar es Salaam, nusu ya njia ya Virginia, na muunganisho wa siri unaweza kukamilishwa hapohapo. Bado hakuna kituo ndani ya Afrika. Natamani kiwepo, na ningependa kuona mafundi wetu wakiwa miongoni mwa watakaokipanga.

Jambo jingine la kuheshimu ni namna wanavyojizoeza. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, Wikimedia huhamisha kazi ya kuandika kutoka kituo kimoja kamili kwenda kingine, makusudi, wakati kila kitu ni kizima. Zoezi la kwanza la namna hiyo lilifanyika Aprili 2016. Uhariri husimama kwa dakika chache huku kusoma kukiendelea. Hawangoji moto au mafuriko yawaambie kama kituo cha pili kinaweza kusimama peke yake. Kituo cha pili ambacho hakijawahi kubeba mzigo wa kweli ni matumaini tu, na fundi anayejiheshimu hategemezi kazi ya watu juu ya matumaini.

Somo hili halihitaji ukubwa wa Wikipedia. Chukua siku ya kutangazwa matokeo ya kidato cha nne nchini Tanzania. Wazazi, watahiniwa na walimu wanafungua tovuti saa ileile, kila mmoja akitafuta matokeo ya mtahiniwa tofauti. Lakini matokeo yakishatangazwa hayabadiliki dakika kwa dakika, na Baraza la Mitihani huyapanga kwa ukurasa mmoja kwa kila kituo cha mtihani, wenye watahiniwa wote. Kurasa hizo zinaweza kuwa zimekamilika kabla ya tangazo, zikatolewa zilivyo bila hifadhidata kuulizwa chochote. Siku yenye haraka kuliko zote katika mwaka inaweza kuwa siku nyepesi kwa mashine, kama aliyepanga amejiuliza mapema nini ni kilekile kwa wote.

Kwa anayesimamia tovuti ya gazeti, chuo au halmashauri, mpangilio wa kukata unafuata mantiki hiyohiyo, na mara nyingi hauanzii pale watu wanapodhani. Kwanza pima: ni prosesa iliyojaa, memori, au diski? Bila vipimo utatenganisha kisichouma. Kisha weka akiba mbele kwa wasomaji wasioingia, maana huo ndio umati na ndiyo nafuu ya bei ndogo. Kisha punguza maswali ya kila ukurasa. Hapo ndipo uihamishe hifadhidata kwenye mashine yake, katika chumba kilekile na waya mfupi. Picha zikishapewa anwani yao, nakala za kusoma zije mwisho, pale tu seva kuu inapolemewa na kusoma, na uwe umeamua tayari utamlindaje mhariri asione kazi yake imetoweka. Kila mashine unayoongeza ni mashine inayoweza kufa usiku. Iongeze ikiwa na sababu.

Kwa kijana anayetaka kujifunza, Wikimedia imeacha mlango wazi. Tangu mwaka 2011 maelekezo yanayopanga seva zake yamewekwa hadharani, mstari kwa mstari, pamoja na historia ya kila badiliko na jina la aliyelifanya. Taarifa za ajali zipo pia: nini kilianguka, saa ngapi, kwa nini, na nini kimerekebishwa ili kisianguke tena. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anaweza kuketi jioni na kusoma kwa nini hifadhidata fulani iligawanywa, nani alipinga, na hoja ipi ilishinda. Ninawasihi walimu wetu wa kompyuta wayaweke maandishi hayo mbele ya wanafunzi na wayasome nao polepole, kisha wawape mashine mbili za bei nafuu, waya mmoja na tovuti inayochelewa, wawaache watafute wenyewe mahali pa kukata.